Bahasha ya Kaki Mkononi, Jibu Halipo

Kuna kijana mmoja ambaye sitamsahau. Aliingia katika chumba tulimokuwa tumeketi sisi wanajopo, akatuamkia kwa adabu, akangoja aambiwe aketi ndipo akaketi. Suti yake ilikuwa imepigwa pasi vizuri na viatu viling'aa. Mkononi alishika bahasha ya kaki, ile ambayo kila Mkenya aliyewahi kutafuta kazi anaijua. Mwenyekiti akamwambia, "Mwalimu, umeandika hapa kwamba uraibu wako ni kusoma. Hebu tueleze kuhusu kitabu cha mwisho ulichokisoma." Kijana akanyamaza. Akaitazama bahasha yake kana kwamba jibu lingechomoka humo. Hatimaye akataja kitabu cha fasihi alichotahiniwa alipokuwa kidato cha nne, na hata hicho hakuweza kutueleza kilihusu nini.

Nafasi ilikuwa moja tu, na waliofika kuiwania siku hiyo walizidi thelathini. Vyeti vya kijana yule vilikaribiana sana na vya mwenzake aliyeipata. Jioni nilimkuta langoni akimuuliza bawabu magari ya kuelekea kwao huondoka saa ngapi, na hapo ndipo nilipotambua kuwa alikuwa amesafiri usiku kucha ili aje aulizwe swali ambalo yeye mwenyewe ndiye aliyelitunga. Hakuna mwanajopo aliyejua kwamba anasoma au hasomi. Yeye ndiye aliyetuandikia.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza ni nani aliyemfunza kijana huyu kujiandaa kwa usaili wa kazi. Jibu hunitia haya, kwa maana waliopaswa kumfunza ni mimi na wenzangu, na sisi wenyewe hatukufunzwa.

Msomaji kijana huenda asiamini, lakini ulikuwako wakati ambapo mwalimu wa Kenya hakusailiwa na mtu yeyote. Ulikuwa ukimaliza chuo unarudi nyumbani, unawasaidia wazazi shambani, huku ukingoja barua ya Tume ya Huduma kwa Walimu, yaani TSC, ikueleze umepelekwa shule gani. Barua ikifika unafunga godoro na sanduku lako, unakwenda. Mlango huo ulifungwa mwaka wa 1998 serikali iliposimamisha uajiri wa moja kwa moja. Ulipofunguliwa tena, kuanzia mwaka wa 2001, haukuwa mlango ule ule: nafasi zilitangazwa, waliohitimu wakatuma maombi, na halmashauri za shule zikawaita ana kwa ana kuwahoji. Kwa hiyo walimu wengi wa rika langu waliingia kazini bila kupita katika tanuri hili, kisha wakapewa jukumu la kuwaandaa watoto watakaopita humo kila waendako.

Tunachokifundisha basi ni nini? Tunafundisha barua ya kuomba kazi: anwani mbili, tarehe, mtajo, na sahihi mwishoni. Tunafundisha wasifukazi na mpangilio wake. Hata mahojiano yenyewe tunayafundisha, lakini kama insha. Mwanafunzi huandika jina la anayeuliza pembeni, akaweka nukta mbili, akatunga swali. Kisha huandika jina la anayejibu, akaweka nukta mbili, akatunga jibu. Tunamtuza kwa kuweka nukta pahali pake. Sina ugomvi na nukta. Ninachosema ni kwamba katika insha hiyo mwenye kuuliza na mwenye kujibu ni mtu mmoja, na hajawahi kupatikana mtu mmoja aliyejiuliza swali asilolijua. Chumba cha usaili kimegeuzwa: maswali yako mikononi mwa mtu mwingine, na muda hauzidi dakika kumi au ishirini.

Hapa ndipo penye kosa ambalo nimeliona likirudiwa mara nyingi. Vijana wetu hujiandaa kuonekana, hawajiandai kuulizwa. Fedha chache zilizopo nyumbani hukopwa zikanunua tai. Mimi sidharau mavazi. Nguo safi zinazokusitiri na zisizokubana unapoketi zinatosha, na kama suti ni ya kuazima, ivae siku moja kabla uizoee, basi. Mambo ya mavazi yanaishia hapo, ingawa ndiyo yanayotumia nusu ya ushauri ambao vijana hupewa.

Maandalizi yenyewe huanza na faili. Lisome tena ombi lako la kazi kana kwamba limeandikwa na mtu usiyemjua wala usiyemwamini. Kila mstari uliomo ni swali linalongoja kuulizwa. Umeandika ulikuwa kiranja wa bweni: bweni lilikuwa na wanafunzi wangapi, na ni ugomvi upi uliousuluhisha? Umeandika ulifanya mazoezi ya kufundisha kwa muhula mmoja: ni mada gani iliyowashinda wanafunzi wako kuielewa, na ulifanyaje? Kuna pengo la miaka miwili baina ya kuhitimu na leo: ulikuwa wapi? Usilionee haya pengo hilo. Nimewasikia waombaji wakibabaika juu ya miaka waliyouza mitumba au kuendesha bodaboda, ilhali ndiyo miaka iliyowafunza kuhesabu faida, kuamka mapema na kuzungumza na mteja mkorofi. Jopo lenye akili hutaka kusikia hayo. Jopo lisilo na akili halitakuajiri kwa kuyaficha.

Ukishaorodhesha maswali, yajibu kwa sauti. Nasisitiza kwa sauti, kwa sababu jibu lililo kichwani huonekana limekamilika hadi linapofika ulimini. Mtafute mtu akuulize, tena asiwe mwenzako wa chuoni anayejua unachotaka kusema. Mtafute mama, au mjomba, au fundi wa baiskeli wa mtaani. Mtu wa namna hiyo atakuuliza, "Hiyo maana yake nini?" na hilo ndilo swali ambalo wasailiwa wengi hulikwepa.

Nasema hivyo kwa sababu ya majibu ya kukariri. Msailiwa akiulizwa yeye ni mtu wa aina gani, hujibu papo hapo kwamba ni mchapakazi, ana uwezo wa kufanya kazi bila kusimamiwa, hushirikiana vyema na wenzake na huvumilia shinikizo. Maneno hayo nimeyasikia kutoka kwa vinywa vingi kiasi kwamba siku nyingine nimekuwa nikiyamalizia mwenyewe kimoyomoyo. Yule aliyeipata nafasi siku ile ya bahasha alijibu hivi, kwa ufupi: kwamba alipokuwa mazoezini alipewa darasa la wanafunzi zaidi ya sitini wenye vitabu kumi na vinne, akawagawa katika makundi, akakiandika kifungu cha ufahamu kwenye karatasi kubwa za kalenda kuukuu alizoomba dukani, akazitundika kutani. Hakusema kwamba yeye ni mbunifu. Hakuhitaji kusema.

Nisije nikaonekana kuwacheka vijana nikiwa nimeketi upande wenye amani wa meza, acha nikiri yangu. Miaka kadhaa baada ya kuanza kufundisha niliomba kazi ya uhariri katika kampuni moja ya uchapishaji jijini Nairobi. Niliitwa. Nilijiamini mno, nilidhani kwamba miaka yangu darasani ilikuwa jibu la kila swali. Mama mmoja aliyekuwa katika jopo akaniuliza kwa upole, "Mwalimu, katika vitabu vyetu vya Kiswahili ni kipi unachokiona kina kasoro, na ungekirekebisha vipi?" Sikuwa nimefungua hata kimoja kwa nia hiyo. Vitabu vyao vilikuwa katika kabati la shule yangu, hatua ishirini kutoka kitini pangu, na mimi nilikuwa nimepanda basi kwenda Nairobi bila kuligusa kabati lile. Nilitamka maneno fulani kuhusu ubora wa majalada. Yule mama akaandika kitu, akanishukuru. Kazi sikuipata, na haki ilitendeka.

Kwa hiyo nasema: ijue nyumba unayobishia hodi. Ikiwa ni shule, fahamu ni ya bweni au ya kutwa, ina mikondo mingapi, wanafunzi wake hutoka wapi na hutembea umbali gani. Habari hizo huzipati kwa uchawi. Mwenye duka aliye mkabala na lango atakueleza mengi kuliko tangazo la kazi. Ikiwa ni kiwanda, jua kinatengeneza nini na huuza wapi. Ikiwa ni afisi ya kaunti, jua idara ile inamhudumia nani. Mwishoni mwa mahojiano jopo likikuuliza kama una swali, uwe nalo moja la kweli linalohusu kazi yenyewe. Anayesema "sina" huonekana kana kwamba haimhusu akichukuliwa au asichukuliwe.

Mintarafu ya safari, nina machache. Nairobi haina huruma kwa mgeni mwenye miadi ya saa mbili asubuhi, hasa ikiwa imenyesha. Kama una jamaa mjini, lala kwake, na jioni hiyo nenda ukalitazame jumba lenyewe, ujue lango liko upande gani na ni ghorofa ya ngapi. Katika majumba mengi mlinzi huchukua kitambulisho chako akakiweka mpaka utoke. Nimemwona msichana akifika mbele ya jopo, akaombwa kitambulisho, akasema kiko langoni. Alitumwa akakichukue, akarudi akihema, na utulivu wote aliokuja nao ulikuwa umebaki ngazini. Beba nakala, na umweleze mlinzi mapema kwamba huko juu utaulizwa chenyewe.

Kuhusu hati, mambo ni mazito zaidi na hayatengenezeki usiku mmoja. Je, majina yaliyo katika cheti chako cha kidato cha nne ndiyo yaliyo katika kitambulisho? Wengi huandikishwa shuleni kwa jina la nyumbani, wakabatizwa au wakasilimu baadaye, wakachukua kitambulisho kwa jina jingine, na tofauti hiyo isigunduliwe hadi siku ambayo afisa anaziweka karatasi mbili sambamba mezani. Dawa yake ni hati ya kiapo mbele ya wakili, au kubadilisha jina rasmi kisheria, na yote mawili hutaka muda. Vivyo hivyo kuna wale ambao vyeti vyao vingali vimezuiliwa shuleni kwa sababu ya madeni ya karo. Wizara ya Elimu imetoa agizo zaidi ya mara moja kwamba vyeti hivyo vitolewe. Nenda ukakidai ungali na nafasi, usingoje kuitwa.

Na zile hati za ziada, yaani cheti cha maadili mema kutoka kwa polisi, cha ushuru, cha mkopo wa elimu ya juu na vinginevyo? Kwa miaka mingi vijana wasio na kazi walilazimika kuzilipia kabla hata ya kuitwa. Sheria ya kazi ilifanyiwa marekebisho mwaka wa 2022, na sasa mwajiri haruhusiwi kukudai hati hizo ila anapokusudia kukupa mkataba. Inafaa kila mwanafunzi alijue hilo, na kila mwalimu pia. Ama yule anayekudai ada ya usaili kupitia simu, huyo hana kazi ya kumpa mtu.

Nigusie pia uongo, kwani majaribu ni makubwa wakati nyumba nzima inakutegemea. Mapema mwaka wa 2024 Tume ya Utumishi wa Umma ilitangaza matokeo ya ukaguzi wa vyeti katika taasisi za umma, na watu zaidi ya 2,000 wakapatikana na vyeti vya kughushi. Hao wote walikuwa wamekwisha kuajiriwa. Kila mmoja alivaa vizuri siku ya usaili, nadhani, akajibu vyema, kisha akaishi miaka mingi akiogopa kila bahasha iliyoletwa mezani pake. Kughushi ni jinai. Lakini uko uongo mdogo ambao haufiki mahakamani, wa kuongeza miezi mitatu kwenye tajiriba au kudai unajua kutumia programu ya kompyuta usiyowahi kuifungua. Huo nao hukamatwa, tena mara nyingi kwa swali moja la pili. "Sijawahi kuifanya kazi hiyo, ila niliwahi kufanya hii inayofanana nayo" ni jibu ambalo limewapa watu kazi mbele ya macho yangu.

Lipo suala la lugha. Nimeketi katika jopo lililomhoji mwalimu wa Kiswahili kwa Kiingereza tangu mwanzo hadi mwisho, kuhusu ngeli na vitenzi, na hakuna aliyeona ajabu. Kifungu cha 7 cha Katiba ya mwaka wa 2010 kinakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia mojawapo ya lugha mbili rasmi. Ushauri wangu kwa msailiwa ni kwamba ajiandae kwa zote mbili, na akiulizwa kwa Kiingereza ajibu kwa Kiingereza chepesi anachokimudu, bila kuvua maneno mazito kutoka kwa kamusi. Ushauri wangu kwa wanajopo ni kwamba waone haya.

Najua kuna msomaji ambaye tangu mwanzo ananitazama kwa jicho la pembeni. Anasema moyoni: mwalimu huyu anaishi nchi gani? Kazi hapa hupewa mwana wa fulani, au mwenye kitu kidogo, au mwenye jina la ukoo unaotakiwa. Siwezi kumwambia anaota. Nimesikia, na mara moja nimeona, orodha ikiwa imekwisha kuamuliwa kabla ya mtu wa kwanza kuingia. Sheria ya Hongo ya mwaka wa 2016 inamtia hatiani anayetoa na anayepokea, na kifungu cha 232 cha Katiba kinataka uajiri wa umma utegemee ushindani wa haki na ustahili. Lakini sheria haiketi chumbani pamoja nasi. Hata hivyo, natoa ushahidi wa yule aliyeketi ndani. Pale ambapo jambo limepangwa, udhaifu wa wasailiwa wengine ndio humsitiri mpangaji. Husema, "Mliwasikia wenyewe, hakuna aliyejua lolote." Siku atokeapo mmoja aliyejibu kwa ukamilifu hadi kila mwanajopo akainua kichwa, mpangaji huanza kutokwa na jasho, na si mara zote hufaulu. Aidha, kwa nafasi za ualimu, mwongozo wa TSC kwa miaka mingi umetenga alama kwa vyeti na kwa muda ambao mtu amekaa tangu ahitimu, mambo usiyoweza kuyabadilisha asubuhi hiyo. Kinachobaki mikononi mwako ni kidogo. Ndiyo maana hakifai kupotezwa.

Kuna pia maswali yasiyofaa kuulizwa. Wasichana huulizwa kama wameolewa, au kama wanakusudia kuzaa karibuni. Wengine huulizwa kabila kwa mzunguko: "Jina hili ni la wapi?" Kifungu cha 27 cha Katiba kinakataza ubaguzi kwa misingi ya jinsia, ujauzito, hali ya ndoa, asili ya kabila, ulemavu na mingine kadha. Simwambii msailiwa asimame atoe hotuba ya haki za binadamu, ingawa akitaka kufanya hivyo mimi nitampigia makofi. Anaweza kujibu kwa heshima, "Hakuna jambo la nyumbani kwangu litakalonizuia kuifanya kazi hii, na niko tayari kueleza jinsi nitakavyoifanya," kisha akaielekeza njia ya mazungumzo pale panapostahili. Jibu kama hilo haliji lenyewe. Nalo hufanyiwa mazoezi.

Na mazoezi hayo, walimu wenzangu, mahali pake ni darasani. Hatuhitaji kungoja mtaala mwingine. Kusikiliza na kuzungumza kumo tayari katika vipindi vyetu, ingawa aghalabu huwa tunaviruka kwa kuwa havitahiniwi kwenye karatasi. Wachukue wanafunzi wa madarasa ya juu, wape tangazo la kazi lililokatwa gazetini, waandike barua kama kawaida. Kisha usizisahihishe kwanza. Weka kiti kimoja mbele ya darasa, na wenzao watano wawe jopo, kila mmoja na nakala ya barua.

Mimi nilianza kufanya hivyo baada ya siku ile ya bahasha. Mara ya kwanza aliyekalia kiti alikuwa msichana mnyamavu ambaye kwa miaka mitatu sikuwa nimesikia sauti yake zaidi ya "nipo". Kazi iliyotangazwa ilikuwa ya karani wa duka. Barua yake ilisema kwamba ana tajiriba ya kuweka hesabu, nami nilidhani amenakili tu. Mwenyekiti wa jopo, mvulana mwenye maneno mengi, akamuuliza kwa kejeli hiyo tajiriba aliipatia wapi. Akajibu kwamba mamake anauza mboga sokoni, hajui kuandika, na tangu yeye awe darasa la sita kila jioni ndiye anayeandika kilichonunuliwa, kilichouzwa na kilichooza.

Darasa likatulia. Kisha mwingine katika jopo, bila kejeli yoyote, akauliza, "Na wale wanaochukua kwa mkopo wasilipe, mlikuwa mkiwafanyaje?"

Msichana akajinyoosha kitini, akaanza kumweleza.